Mstari wa chini kabisa kwenye c3270: X Wait, X SYSTEM, X Protected. Naombeni ufafanuzi

Mtoto wa Kihonda ameandika:

Habari za saa hizi wakuu. Naombeni msaada kwa yeyote anayefahamu mambo ya meinfremu, yaani kompyuta kuu.

Niko Morogoro, najifunza JCL (lugha ya kuagiza kazi kwenye meinfremu) na COBOL (lugha ya programu) mwenyewe usiku nikitoka kazini. Meinfremu ya kweli sina. Nimeweka Hercules, programu inayoigiza meinfremu, kwenye laptopu yangu ya Ubuntu, na ndani yake inaendesha MVS 3.8j, mfumo endeshi wa zamani wa meinfremu, ile iliyofungashwa kwa jina la TK5. Naingia kwa c3270, programu inayoigiza teminali, nikiandika c3270 127.0.0.1:3270. Mpaka hapo mambo ni mazuri, naingia TSO, sehemu ya kuandikia amri, na nafika kwenye READY.

Kinachonishinda ni ule mstari wa chini kabisa ya skrini. Kushoto kuna 4 na A na kisanduku kidogo. Kulia kuna namba kama 021/009. Hapo katikati ndipo pananichanganya. Nikibonyeza Enter inatokea X Wait, halafu inapotea. Mara nyingine inakuja X SYSTEM na kukaa. Jana nilikuwa naandika, ikatokea X Protected na kibodi yote ikagoma. Nikafunga dirisha, nikafungua upya, nikakataliwa kuingia eti HERC01, jina langu la kuingilia, bado anatumika.

Maelezo niliyoyapata ni ya Kiingereza na yanamchukulia msomaji kuwa ni mtu wa siku nyingi. Ule mstari unasomwaje? Na nitajuaje kama ni mimi nimekosea, au mashine imekwama, au mtandao?

Fundi Waya:

Mkuu, kibodi ikigoma hivyo asilimia kubwa ni mtandao. Zima ruta, washa upya, badilisha na DNS. Ukishindwa angalia ngome ya Ubuntu isije ikawa inazuia poti.

Mama Sada:

Mwanangu wa Kihonda, pole na hongera kwa pamoja. Wanaojifunza kazi hii peke yao usiku ni wachache, na inahitaji watu.

Fundi Waya, nakuheshimu, lakini 127.0.0.1 ni laptopu inazungumza na nafsi yake, hakuna ruta wala DNS hapo kati. Na hata kama mtandao ungekuwepo, mstari uleule ungemwambia kama kosa ni la mtandao au la. Ndiyo maana nautetea sana. Watu wanautazama kama pambo, kumbe nusu ya simu ninazopokea zingeisha kama mpigaji angeusoma kabla ya kuinua mkono wa simu.

Mimi ni mtu wa Tanga, kwa sasa niko Columbus, Ohio, nafanya zamu ya usiku kwenye chumba cha waendeshaji. Kazi niliianzia Nairobi miaka ya 1980, kwenye kampuni moja ya bima, enzi hizo juu ya meza kuna teminali yenyewe, skrini na kibodi yake, IBM 3278, zito, maandishi ya kijani. c3270 yako inaigiza mashine ile, na mstari unaouliza umetoka kwake moja kwa moja.

Shika jambo moja kwanza. Ukiwa kwenye SSH, kila herufi unayoibonyeza inasafiri hapohapo. Kwenye 3270, yaani ukoo wa teminali hizo, haisafiri. Unajaza skrini nzima, unarekebisha, unafuta, na kompyuta kuu haina habari yoyote mpaka ubonyeze kitufe cha kutuma, yaani Enter, au PF mojawapo (vitufe vya kazi), au PA (vitufe vya kuita kompyuta kuu), au Clear. Ukishabonyeza, kibodi inajifunga. Itafunguliwa pale upande wa pili utakaposema endelea. Kwa hiyo kila dakika kuna swali moja la kuuliza, zamu hii ni ya nani? Jibu liko kwenye ile X. Ikionekana, huruhusiwi kuingiza kitu, na maneno yanayoifuata yanakueleza sababu.

La pili, programu ya kompyuta kuu haiwezi kuandika kwenye mstari huo. Skrini ya msingi ina mistari 24 ya herufi 80, jumla nafasi 1920, na hizo ndizo mali yake. Mstari wa hali uko nje ya hesabu hiyo, unachorwa na teminali, au kwa upande wako c3270. Programu ikiwa na hitilafu inaweza kukujazia takataka kwenye skrini nzima, lakini hapo chini haifiki. Mimi naamini mstari ule kuliko kitu kingine chochote kilicho juu yake.

Sasa X Wait. Kwenye mashine za zamani ilikuwa X na picha ya saa ya mishale. Maana yake umetuma, na bado hakijarudi kitu chochote kutoka upande wa pili. Ikiwaka na kuzimika mara moja, hiyo ndiyo afya. Ikikaa sana, ama mtandao, ama upande wa pili hakuna anayesikiliza. Kwako wewe, tazama dirisha la Hercules kama bado linafanya kazi au umelisimamisha.

X SYSTEM ni habari tofauti kabisa. Umetuma, kompyuta kuu imepokea, imekurudishia data, ila haijakufungulia kibodi. Kila inapoandika kwenye skrini yako inatanguliza baiti moja ya maelekezo, na ndani yake kuna biti inayosema fungua kibodi. Biti hiyo isipowekwa, unabaki na X SYSTEM. Hapo mtandao hauna kosa, maana data imefika. Kuna kazi inaendelea, au kuna programu imekwama ikisubiri kitu.

Kuna usiku tawi moja lilipiga simu, mtandao umekufa, leteni fundi. Nikamwambia yule dada, nisomee mstari wa chini kama ulivyo. Akasoma: X SYSTEM. Nikamwomba aache kibodi kama ilivyo. Kwenye CICS, mfumo unaoendesha skrini za watumiaji, nikaiona kazi yake imesimama, inasubiri rekodi ya DB2, yaani hifadhidata, iliyoshikwa na kazi ya bechi ya mwisho wa mwezi. Bechi ikaachia, skrini yake ikafunguka. Fundi wa mtandao angetoka kitandani bure, na angepima waya wenye afya mpaka asubuhi.

Jambo linaloniumiza ni watu kupigapiga Enter kwenye X. c3270 ina kawaida ya kuhifadhi unachobonyeza kibodi ikiwa imefungwa, na utaiona herufi T ikitokea pale chini. Kibodi ikifunguliwa, vyote vinatoka kwa foleni, kimoja nyuma ya kingine, na kuingia kwenye skrini ambayo hukuikusudia. Kwenye mazoezi ni usumbufu. Kwenye malipo ya watu ni balaa. Ukiiona T na hukuikusudia, bonyeza Reset, yaani Ctrl na R. Reset ya kwanza inafuta foleni.

Na Reset hiyohiyo inaweza kukuondolea X SYSTEM. Uangalifu hapo. Kibodi yako imefunguka, lakini kule ndani kazi haijaisha. Ulichokituma mwanzo bado kinashughulikiwa. Ukiwa TSO na unataka kuikatisha kweli, PA1 ndiyo inayoigutua TSO yenyewe.

Nije kwenye X Protected yako. Hii haihusiani na kompyuta kuu hata kidogo. Skrini ya 3270 imegawanywa sehemu, nyingine za kujaza, nyingine zimefungwa, kama vile kichwa cha fomu. Umeandika juu ya sehemu iliyofungwa. Teminali yenyewe imekukatalia kabla hata herufi haijatoka kwako. Kwenye 3278 kulikuwa na kijimtu cha vijiti kimesimama katikati ya mishale miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia, yaani sogea, hapa si pake. Nilimpenda sana yule kijimtu. Mama mmoja wa ofisini kwetu Nairobi ambaye Kiingereza hakukizoea alimwelewa siku ya kwanza. Dawa yake ni Ctrl na R, halafu Tab ikupeleke sehemu ya kujaza iliyo karibu. Hakuna haja ya kufunga dirisha. Kuna mpangilio unaitwa oerrLock. Ukizimwa, kosa la namna hii linapiga kengele tu bila kufunga kibodi. Kwako umewashwa, na ningekushauri uuache hivyohivyo, kwa sababu ndivyo mashine ya kweli inavyofanya na mkono wako utazoea.

X Numeric ni ndugu yake, umeweka herufi kwenye sehemu ya tarakimu. X -f, umebonyeza kitufe ambacho kwa hali hiyo hakina kazi.

Kule kushoto, 4 inatokana na kidhibiti cha IBM 3274, kile kilichokuwa kinaunganisha teminali nyingi kwenye kompyuta kuu. Herufi inayofuata, A ni TN3270 ya kawaida, yaani 3270 inayopita kwenye mtandao, B ni TN3270E, toleo lake lililopanuliwa. Kisanduku kilichojaa kinasema uko ndani ya mazungumzo ya 3270 kamili. Badala yake ukiona N, umeingia kwenye mazungumzo ya maandishi ya kawaida kama telnet. Ukiona S, umefika mlangoni kwa mfumo lakini hujakabidhiwa programu. Alama ya kuuliza, hujaunganishwa. Namba za kulia ni mahali kishale kilipo, mstari kwanza halafu safu. 021/009 ni mstari wa 21, safu ya 9. Usizidharau, ukimwelekeza mtu kwa simu ndizo macho yako.

Kobo wa Nakuru:

Mama Sada ameeleza vizuri sana, asante mama. Niongeze kidogo upande wa waandishi wa programu, kwa sababu X SYSTEM nyingine chanzo chake ni sisi.

Kwenye CICS, ukituma skrini kwa amri ya SEND MAP kuna neno FREEKB. Hilo ndilo linaloweka ile biti ya kufungua kibodi. Ukilisahau kwenye amri, na kwenye ramani (mchoro wa skrini hiyo) pia haliko, skrini inafika nzuri kabisa, rangi ziko sawa, kishale kiko mahali pake, lakini mtumiaji akiandika hakuna kitu kinachoingia. Inabidi abonyeze Reset kila mara. Nimeona programu iliyokaa kazini miaka mingi hivyo, na makarani wamefundishana kwamba ile skrini fulani lazima uipige Reset kwanza. Hakuna aliyewahi kuripoti, wote walidhani ndiyo utaratibu. Nikasoma chanzo, nikaongeza neno moja. Kwa hiyo kijana, ukiona X SYSTEM inakaa kwenye skrini moja tu, kila siku, hata mashine ikiwa haina kazi, usitafute mzigo wa mfumo. Tafuta FREEKB.

Mtoto wa Kihonda:

Aisee nimeelewa, asanteni sana. Mama Sada, nimejaribu ile ya Ctrl na R kwenye X Protected, imekubali palepale. Na nimeiona T kwa macho yangu, nilisimamisha Hercules makusudi nikabonyeza Enter mara kadhaa.

Naomba niongeze maswali. La kwanza, nikiwa ndani ya kihariri, mstari una nafasi kubwa tupu mwishoni, nikiwasha Insert nichomeke neno katikati inanipa X Overflow. Nafasi ipo, naiona. La pili, nikifungua c3270 kwenye dirisha kubwa, mstari wa hali unashuka chini sana na skrini inakuwa na mistari mingi, nikifungua kwenye dirisha dogo inarudi 24. Hilo lina madhara? La tatu ni lile la HERC01 kuwa bado yuko ndani, sijui nimtoeje bila kuzima mashine nzima.

Mama Sada:

Hongera kwa kuisimamisha Hercules makusudi, hivyo ndivyo mtu anavyojifunza.

X Overflow. Ile nafasi unayoiona si tupu. 3270 inatofautisha pengo, ambalo ni herufi kamili yenye thamani ya 40 kwa heksadesimali kwenye EBCDIC (msimbo wa herufi wa meinfremu), na utupu halisi, ambao ni 00. Kwa macho havitofautiani. Ukiwa kwenye Insert, utaiona herufi I chini, kila unachochomeka kinasukuma vinavyofuata kulia, na nafasi ya kusukumia inatoka kwenye zile 00 pekee. Kihariri kimekujazia mapengo mpaka ukingoni, kwa hiyo hakuna pa kusukumia, na teminali inakataa ili isikupotezee herufi ya mwisho. Kwenye 3278 kijimtu yuleyule alikuwa na alama ya mkubwa-kuliko pembeni yake.

Fanya hivi. Reset kwanza. Peleka kishale mara baada ya neno la mwisho kwenye mstari huo. Bonyeza Ctrl na mabano ya mraba ya kufunga, utapata kidokezo cha c3270, andika EraseEOF() na Enter. Hiyo inageuza yote kuanzia kwenye kishale mpaka mwisho wa sehemu kuwa 00. Rudi katikati, washa Insert, chomeka neno lako. Siku ukipata nafasi kwenye ISPF ya kweli, mfumo wa menyu na kihariri wa meinfremu, ndani ya kihariri andika NULLS ON na shida hiyo hutaiona tena.

Ukubwa wa skrini. c3270 inachagua modeli kwa kutazama dirisha lako. Modeli 2 ni mistari 24 kwa 80, modeli 3 ni 32 kwa 80, modeli 4 ni 43 kwa 80, na modeli 5 ni 27 kwa 132. Zote zinaweza kurudi 24 kwa 80 programu ikitaka. Kwako madhara hakuna, lakini kwa wakati huu unaojifunza ningekuwa naianzisha kwa -model 2 ili unachokiona kilingane na vitabu.

Nikueleze madhara yanapotokea, kwa sababu hii inawasumbua hata wakubwa. Kompyuta kuu ikiaminishwa kwamba teminali yako ni kubwa kuliko ilivyo, itaagiza herufi iwekwe mahali ambapo kwako hapapo. Kwenye Personal Communications ya IBM, programu ya kuigiza teminali ambayo ndiyo utakayoikuta ofisi nyingi, hapo inatokea X PROG752, maana yake agizo limetaja anwani isiyokuwepo kwenye skrini. Ukiona PROG na namba yoyote, mtumiaji hana kosa na mtandao hauna kosa. Data iliyofika ndiyo mbovu, au vipimo havilingani. Linganisha modeli ya kipindi chako na ile iliyoandikwa upande wa kompyuta kuu kabla hujamlaumu mwandishi wa programu.

Na hapa Fundi Waya namrudishia haki yake. Kwenye programu hiyohiyo ya IBM kuna COMM na namba, ikiwa na alama ya radi. Hizo ndizo za mtandao. COMM657 ni kwamba inajaribu kufungua muunganisho wa TCP na seva. COMM659, imejaribu na haikufanikiwa. Ukiona hizo, piga simu kwa fundi wa mtandao bila kusita, na umtajie namba. Atakushukuru.

Fundi Waya:

Nimekupata mama, na nimejifunza. Hapa ofisini kuna wenzetu wa malipo wanatumia hiyo ya IBM, kila siku wananiita kwamba mtandao hakuna. Sasa kabla ya kupanda ghorofani nitawaambia wanitumie picha ya mstari wa chini. Na ikiwa ni X SYSTEM nimpigie nani?

Mama Sada:

Waendeshaji wa kompyuta kuu, kaka yangu. Waambie vitu vitatu tu, jina la LU (jina la teminali yake kwa kompyuta kuu) kama linaonekana kwenye mstari, skrini gani aliyokuwa nayo, na saa aliyobonyeza Enter. Saa ndiyo wanayoisahau wote, na ndiyo inayotuwezesha kuipata kazi yake kati ya maelfu.

Picha ni nzuri, ila waambie wapige kabla hawajagusa Reset. Reset ikishabonyezwa, sababu inafutika na mimi nabaki kukisia.

Mtoto wa Kihonda:

Mama, swali la HERC01 umelisahau.

Mama Sada:

Kweli, samahani mwanangu, simu ililia hapa.

Nenda kwenye dirisha la Hercules lenyewe, lile la konsoli, andika /c u=herc01 na Enter. Mkwaju wa mwanzo unaipeleka amri kwa MVS, na c ni kufuta. Subiri ujumbe kwamba kipindi kimekwisha, halafu ingia upya. Na safari nyingine kabla ya kufunga dirisha, andika LOGOFF kwenye READY. Ukikuta READY haipo na badala yake kuna nyota tatu, ***, TSO haijakwama, imejaza skrini na inangoja uisome. Tazama chini, hutaona X. Bonyeza Enter.